Joto la Kaskazi: Mambo Tuyaonayo Kila Siku na Sababu Zake

Ufikapo mwezi wa Januari, mazungumzo ya mji wa Tanga huwa ni joto. Sokoni Ngamiani muuzaji hujipepea kwa kipande cha boksi huku akipanga nyanya zake. Katika daladala abiria hugombea kiti cha dirishani. Usiku kaya nzima hutoa mkeka barazani na kungoja upepo ambao hauji. Mgeni aliyeshuka asubuhi kutoka Lushoto hufuta uso akauliza watu wa huku huishi vipi, na mwenyeji humjibu kwa neno moja tu: “Kaskazi.”

Neno hilo, ndugu msomaji, limebeba elimu nyingi. Wazee wetu wa pwani walilitumia kutaja upepo, majira na upande wa dunia kwa pamoja, kwa kuwa waliona kwamba mambo hayo matatu hayatengani. Leo wataalamu wa hali ya hewa, wa bahari na wa misitu hutumia vipimo kueleza yale ambayo wazee waliyajua kwa macho na kwa ngozi. Makala haya yanakusudia kuzikutanisha elimu hizo mbili, kwa kutumia mambo ambayo kila familia ya Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga huyaona wakati wa joto.

Elimu hii si ya kujifurahisha tu. Ajuaye kwa nini chumba chake huwaka kama tanuri ataijenga nyumba yake vingine. Ajuaye maji ya bomba lake yanatoka wapi hatanyamaza aonapo msitu unafyekwa.

MCHANA USIO NA KIVULI

Tuanze na jua lenyewe. Tanga ipo karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo kila mwaka jua hutupita utosini mara mbili: mwanzoni mwa Machi, linapoelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Oktoba, linaporudi kusini. Katika siku hizo kitu kilichosimama wima hakina kivuli wakati wa adhuhuri.

Wape watoto wako kazi hii. Mnamo tarehe 7 Machi wachomeke kijiti uani, na wakinyooshe kwa timazi ya uzi na jiwe. Wakingoja saa 6 kamili mchana wataona kivuli kifupi bado kipo. Wasikate tamaa. Kivuli kitatoweka karibu na saa 6 na dakika 35. Sababu kubwa ni kwamba saa zetu za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Tanga ipo kwenye nyuzi 39 hivi, kwa hiyo jua hutufikia kwa kuchelewa. Mwezi wa Juni watakiona kivuli cha adhuhuri kimelala upande wa kusini, na Desemba upande wa kaskazini. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake ameelewa mwendo wa dunia bila kukariri.

Hapa huzuka swali. Ikiwa jua huwa utosini Machi na Oktoba vilevile, mbona Machi ndiyo hutuunguza zaidi? Jibu limo baharini. Maji hushika joto polepole na huliacha polepole. Ili kupanda nyuzi moja ya joto, kilo ya mchanga huhitaji karibu moja ya tano tu ya joto lile lihitajiwalo na kilo ya maji. Oktoba bahari yetu bado ina ubaridi wa miezi ya kusi, lakini Machi imekwisha kupashwa kwa miezi mitatu au minne mfululizo. Zaidi ya hayo, Machi upepo wa kaskazi unalegea na kusi haijaingia. Hayo ndiyo majira ya maleleji, ambayo mabaharia huyaita pia tangambili, upepo usipokuwa na upande maalumu.

JASHO LISILOKAUKA

Katika miezi hiyo joto la mchana mjini Tanga aghalabu hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Kwa tarakimu tu, si joto la kutisha, kwani iko miji ya bara inayolipita. Lakini aliyeishi huku na huko atakuambia kwamba nyuzi 32 za Tanga humchosha mtu kuliko nyuzi 35 za mahali pakavu. Kwa nini?

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na kinachopoza hasa ni kule kukauka kwa jasho lenyewe. Kila tone ligeukapo mvuke huondoka na joto la ngozi. Kiasi hicho si kidogo: joto la kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke ni zaidi ya mara tano ya lile la kuyachemsha maji hayo hayo kutoka ubaridi wa barafu. Lakini hewa ya pwani wakati wa kaskazi tayari imejaa unyevu wa bahari, nayo haina nafasi ya kupokea mvuke mwingine. Jasho huteremka mgongoni, hulowesha shati, na mwili hubaki na joto lake.

Mama zetu walilijua jambo hili kabla ya friji kuingia majumbani. Mtungi wa udongo hupenyeza maji kidogo kidogo katika vitundu vyake visivyoonekana. Maji hayo hukauka nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Uhamishie mtungi huo huo Dodoma, maji yake yatakuwa baridi zaidi, maana hewa ya huko ni kavu. Uweke mtungi kivulini panapopita upepo, wala usiuweke juani kwa kudhani kuwa kivuli peke yake ndicho kipozacho. Jambo moja la hatari lisisahauliwe: ufunikwe daima. Mbu waenezao homa ya kidingapopo hutaga katika maji safi yaliyotuama majumbani, na joto huharakisha kukua kwao. Tanga haikusahau mlipuko wa homa hiyo wa mwaka 2019.

Kwa mfanyakazi, unyevu huu ni jambo la afya. Mchukuzi wa bandarini, fundi wa ujenzi, mama ntilie mbele ya jiko lake, dereva wa bodaboda, wote hupoteza maji na chumvi kwa saa nyingi. Mkojo ukiwa wa rangi iliyokoza, kichwa kikiuma na kizunguzungu kikianza, mwili unaomba maji na kivuli. Mtu akianza kuchanganyikiwa maneno, au ngozi yake ikiwa ya moto sana, hilo si la kungojea. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na afikishwe hospitali haraka. Kazi nzito zifanywe asubuhi na jioni kila inapowezekana. Msimamizi asemaye kwamba anayepumzika adhuhuri ni mvivu hajui mwili ufanyavyo kazi.

BATI, MAKUTI NA MWEMBE

Twende sasa nyumbani. Nyumba nyingi za mjini zimeezekwa bati, na kwa sababu njema: haliungui kwa urahisi, hudumu, na hukinga maji ya mvua kwa matumizi. Lakini bati ni jembamba. Jua la adhuhuri hulipasha hata mkono usiweze kuligusa, nalo hulirudisha joto hilo chini kwa waliomo chumbani, mithili ya jiko lililogeuzwa kifudifudi. Makuti ni kinyume chake. Kati ya jani na jani hewa hunaswa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo maana banda la makuti huwa na nafuu saa nane mchana.

Usiku mambo hubadilika. Bati hupoa upesi jua likizama, lakini kuta za matofali ya saruji zilizopigwa jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Waliojenga nyumba za mawe za zamani, zilizopo hata leo katika mji wa Pangani, waliwaza sana kuhusu jambo hili: kuta nene, dari za juu, madirisha yanayotazamana, na baraza ya kuzuia jua lisipige ukuta moja kwa moja.

Si lazima kubomoa nyumba ili kupata nafuu. Dari, hata ya bei nafuu, huacha tabaka la hewa kati ya bati na watu. Matundu ya juu ukutani huitoa hewa ya moto, ambayo kwa tabia yake hupanda. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujawa joto. Na madirisha yatumike kwa akili: yafungwe au yawekewe pazia upande unaopigwa jua, yafunguliwe yote jioni.

Lakini kipozeo bora hakiuzwi dukani. Kaa kwanza chini ya turubai, kisha ukae chini ya mwembe. Vivuli ni viwili, lakini havilingani. Turubai huzuia jua tu, nalo likishika moto hukuunguza kutoka juu. Mwembe huzuia jua, na pia majani yake hutoa mvuke mchana kutwa, maji yaliyovutwa na mizizi kutoka ardhini. Kwa maneno mengine, mti nao hutokwa jasho. Mtaa uliokata miembe na miarobaini yake ili kupanua maduka umejiongezea joto kwa mikono yake.

UPEPO WA MCHANA NA UMANDE WA ALFAJIRI

Aketiye Raskazone alasiri hupata upepo kutoka baharini. Aamkaye kabla ya mapambazuko husikia upepo mwepesi ukitoka bara, ambao wavuvi huuita umande. Hizo ni safari mbili za hewa moja. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huja kujaza nafasi. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na mwendo hugeuka. Wavuvi wetu huondoka na umande alfajiri na kurudi na upepo wa bahari mchana, wakitumia nguvu isiyolipiwa hata senti.

Kaskazi na kusi ni jambo hilo hilo lililokuzwa kufikia ukubwa wa bara la Asia. Miezi ya Desemba hadi Februari Asia hupoa, hewa yake huwa nzito, na upepo huvuma kuja kwetu juu ya Bahari ya Hindi. Katikati ya mwaka Asia huwaka, na upepo hugeuka kuelekea huko. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliifuata ratiba hiyo. Yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na miji kama Tongoni na Pangani ilikua kwa biashara hiyo.

BAHARI NAYO HUUGUA HOMA

Dunia yote inapata joto kwa sababu ya hewa ya ukaa itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vya dunia nzima vianze. Wengi hudhani joto hilo lipo hewani tu. Ukweli ni kwamba karibu asilimia 90 ya joto lililozidi limeingia baharini, yaani katika uwanja wa kazi wa mvuvi na wa mkulima wa mwani.

Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na vimelea vya jamii ya mimea, ambavyo huwapa chakula na rangi. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha wakati wa joto kwa nyuzi moja tu, kwa majuma kadhaa, matumbawe huwafukuza wenzao hao na kubaki meupe kama chokaa. Maji yakipoa mapema hupona. Yakichelewa kupoa, hufa. Hayo yalitokea kwa ukubwa mwaka 1998, baada ya El Niño, na tena mwaka 2016, pwani yote ya Afrika Mashariki. Tumbawe la mviringo hukua karibu sentimita moja tu kwa mwaka. Ongeza hapo uvuvi wa baruti, uliousumbua mwambao wa Tanga kwa miongo kadhaa, nawe utaona kwa nini changu na tasi wamepungua kikapuni. Jiwe lililodhoofishwa na joto halina nguvu ya kusimama tena baada ya mlipuko.

Akina mama wa mwani huiona homa hii mapema kuliko wataalamu. Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri zaidi, hulegea, huweka mabaka meupe na kukatika maji ya kina kifupi yanapopata moto. Aina ya spinosamu huvumilia zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Kwa hiyo nyuzi moja au mbili za joto huwa ni ada ya shule iliyokosekana.

Hata kina kirefu kina habari zake. Tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa katika majarife silikanti, samaki wa kale ambaye ulimwengu ulidhani ametoweka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Samaki huyu hupenda mapango ya kina kirefu yenye maji ya baridi. Kwa ajili yake ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009.

KISIWA KILICHOTOWEKA

Anayetaka kuona kwa macho gharama ya kupuuza mambo haya aende Pangani, aulize habari za Maziwe. Kisiwa hicho kidogo kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa wa aina tatu walikitegemea kwa kutaga, hata kikahesabiwa miongoni mwa mazalio muhimu kabisa ya kasa katika Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ya mwisho ilikwisha, na kisiwa kikazama. Leo ni fungu la mchanga, ambalo hujitokeza maji yakipwa na kufunikwa yakijaa wakati wa bamvua.

Wapo watajao ukataji wa miti kuwa chanzo, na wapo watajao mawimbi na mikondo iliyohamisha mchanga. La hakika ni kwamba miti ilipokwisha hapakubaki mizizi ya kuushika mchanga huo. Kasa hawakuambiwa kwamba kisiwa hakipo. Waliendelea kuja kutaga, na mayai yaliyoachwa hapo yangekufa maji. Wahifadhi wa huko wamekuwa wakiyahamishia ufukweni Ushongo, ambako hukaa mchangani siku 50 hadi 60 kabla ya kuanguliwa.

Hapo tena joto lina neno lake. Kasa hazaliwi akiwa ameamuliwa tangu mwanzo kuwa dume au jike: mchanga ndio huamua. Ukiwa karibu na nyuzi 29 huanguliwa madume na majike kwa kukaribiana. Ukiwa wa moto zaidi huzidi majike, na ukizidi mno mayai hufa. Kwa hiyo kivuli cha mti ufukweni, ambacho mwenye kujenga hukiona kizuizi cha mandhari, kwa kasa ni jambo la kuwapo au kutokuwapo kwa kizazi.

Funzo la Maziwe lawahusu wanadamu pia. Mikoko, michu na milana iliyo kando ya hori zetu hufanya kazi iliyofanywa na mivinje ile: hushika udongo, huvunja nguvu za mawimbi na hulea kamba na samaki wachanga. Penye mikoko iliyokatwa kwa ajili ya kuni, mkaa na mabwawa ya chumvi, bahari hupata njia ya kuingia mashambani na visimani.

MAJI YA BOMBA NA MSITU WA MLIMANI

Hatimaye, fungua bomba. Maji ya mji wa Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, lililojengwa miaka ya 1970 juu ya Mto Sigi. Mto huo huanzia katika misitu ya Usambara Mashariki. Upepo wenye unyevu utokao baharini, ule ule unaotutoa jasho mjini, hukutana na milima na kulazimika kupanda. Kila mita 1,000 joto hushuka karibu nyuzi 6. Hewa hupoa, mvuke huwa ukungu na mvua, na Amani hupata mvua nyingi kuliko Tanga. Majani hunasa ukungu, na udongo wa msitu hunywa maji na kuyaachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Jasho lisilokauka Ngamiani na maji yanayojaza ndoo Makorora ni ndugu wa baba mmoja.

Wajerumani waliweka kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997. Hata hivyo, kilimo cha kandokando ya mito, ukataji wa miti na uchimbaji wa dhahabu vimeutia mto tope mara nyingi. Tope hilo hujaza bwawa, na kusafisha maji machafu hugharimu zaidi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu ya maji. Ni hatua ya kusifiwa, lakini mabomba mapya hayatengenezi mvua. Mkulima wa mlimani anayepanda miti na kuacha ukingo wa mto bila kulima anatufanyia kazi sisi wa mjini, nasi yafaa tulione jambo hilo kuwa deni.

TUANZIE NYUMBANI

Familia moja haiwezi kuipoza Bahari ya Hindi. Yawezayo ni haya: kufunika mtungi na pipa, kupaka bati rangi nyeupe, kuweka dari chumba kimoja kwa mwaka, kupunguza mkaa kadiri kipato kinavyoruhusu, kukataa samaki wa baruti sokoni, na kutonunua nguzo za mikoko zilizokatwa kwa wizi. Mtaa waweza zaidi: kudai miti kandokando ya barabara na uwanjani shuleni, na kuilinda ikipandwa.

Mvua za kwanza za masika huanza Machi, siku chache tu baada ya adhuhuri ile isiyo na kivuli. Watoto wakiisha kung'oa kijiti chao uani, wapeni mche wa mwembe au mwarobaini waupande katika shimo hilo hilo. Masika itaumwagilia bila malipo, na baada ya miaka michache mkeka wa barazani utakuwa umepata mahali pengine pa kutandikwa.